Ephantus Rwamba Njura, Mpimaji wa Kilima cha Gakurungu

Wapendwa waombolezaji, leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, tumekuja hapa Karurumo kumsindikiza mtu ambaye wengi wetu tulimsalimia kwa mbali tu. Alipita barabarani na mkoba wake wa turubai begani, akainua mkono, kisha akapotea tena kwa miezi. Maisha yake yamekusanywa hapa na mpwa wake Mutugi, anayeyasoma, kutoka kwa binti yake, kwa waliofanya kazi naye, na kwa marehemu mwenyewe alipokuwa bado na sauti.

Ephantus Rwamba Njura alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 katika boma hili hili, akiwa kifungua mimba wa Mzee Njura na Mama Wambeti, wakulima wa kahawa na washiriki wa Kanisa Anglikana. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake Gatwiri. Gatwiri anasema kaka yake hakuwa mtu wa makundi tangu utotoni. Wenzake wakienda mtoni kuogelea, yeye alifuata makorongo akiokota mawe na kuyapanga chini ya kitanda. Mama yao aliyatupa kila Jumamosi alipofagia. Hakulalamika hata siku moja. Alienda akaokota mengine.

Alisoma shule ya msingi hapa Karurumo, akafaulu mtihani wa darasa la saba mwaka 1973 na kuendelea na sekondari mjini Embu hadi kidato cha sita. Mwaka 1980 alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea jiolojia, akahitimu mwaka 1983. Mzee Njura alipoulizwa na majirani mwanawe anasomea nini, alijibu, "Anasomea yale mawe mama yake alikuwa anatupa."

Mwaka 1984 aliajiriwa serikalini kama mwanajiolojia, na miaka mitano baadaye akapelekwa Ufini kwa kozi ya mwaka mmoja. Huko ndiko alikojifunza upimaji wa ardhi kwa umeme na sumaku, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Aliporudi watu walimwuliza kuhusu theluji. Yeye akasema theluji si kitu, ila huko mtu anaweza kupanda basi moja na wewe mwaka mzima asikusalimie. Mwaka 1997 aliacha kazi ya serikali na kuingia kampuni binafsi ya utafiti wa madini.

Wengi wetu hatukuwahi kuelewa alichokuwa akifanya porini, kwa hiyo ni vyema kueleza. Madini ya salfaidi, yaani shaba au nikeli iliyoshikamana na salfa, yanaweza kulala chini sana ya ardhi pasiwe na dalili yoyote juu. Lakini madini hayo hupitisha umeme kuliko mawe ya kawaida. Rwamba na wenzake walitandaza waya mrefu ardhini kwa umbo la mraba, mkubwa kuliko viwanja kadhaa vya mpira, wakaupitishia umeme wa jenereta, kisha wakaukata ghafla. Mahali pasipo na kitu, ardhi hutulia papo hapo. Mahali penye salfaidi, umeme mdogo huendelea kuzunguka huko chini kwa muda mfupi kabla ya kufifia, na koili ya kupokelea huunasa. Yeye alitembea na koili hiyo mstari kwa mstari, akisoma jinsi ardhi inavyofifia.

Kazi hiyo ina sharti moja gumu. Chuma chochote huiharibu. Nyaya za stima huiharibu, seng'enge, mabati ya nyumba, gari, hata simu ya mfukoni. Kwa hiyo Rwamba alipaswa kukaa mbali na kila mahali penye watu. Na kadiri stima ilivyofika vijijini, watu wakishangilia kuwashiwa taa, ndivyo yeye alivyosukumwa mbele zaidi, kwenye vichaka na mawe matupu. Aliwahi kumwambia Mutugi, "Maendeleo yakija, mimi nafunga hema." Alisema akicheka, lakini hakucheka sana.

Ndoa yake ilianza kwa kituko ambacho ukoo wa Kanyakine haujakisahau. Mwaka 1993 alikutana na Bi. Veronicah Ntinyari, mwalimu wa shule ya msingi na binti wa Mzee Kaberia wa Kanyakine, Imenti Kusini. Siku ya kwenda kujitambulisha alitoka moja kwa moja kambini, na suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Mzee Kaberia alimtazama kiunoni kwa muda mrefu.

"Huko Embu mikanda imeisha?"

"Haijaisha, mzee. Ukanda una kifungo cha chuma. Chuma hudanganya mashine."

"Na wewe bila chuma huwezi kudanganya?"

"Ningeweza kudanganya, mzee, ningetafuta kazi ya karibu na nyumbani."

Mzee Kaberia alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili, akaagiza aletewe chai. Harusi ilifungwa kanisani Kanyakine tarehe 17 Desemba 1994. Waliishi hapa Karurumo, Veronicah akifundisha, na mwaka 1996 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Wambeti, aliyepewa jina la nyanya yake.

Rwamba alikuwa mume mwema siku alizokuwepo. Alikuwa akija mwisho wa mwezi, anapiga pasi sare za Wambeti, anarekebisha mlango, anaenda kanisani Jumapili na kukaa kiti cha nyuma, na Jumatatu asubuhi ameondoka. Veronicah alizoea kupika chakula cha watu wawili. Waliomjua wanasema hakumlaumu mumewe mbele ya mtu yeyote, ila mara moja tu alimwambia Gatwiri, "Wifi, mimi nimeolewa na barabara."

Mwaka 2011 kampuni ilimpeleka nyanda za chini za Mbeere, kwenye kilima kiitwacho Gakurungu. Wachungaji walikuwa wameokota huko mawe yenye madoa ya kijani, na madoa kama hayo yaweza kuwa ishara ya shaba. Aliyekuwa na shamba chini ya kilima ni mama mmoja mjane aitwaye Njoki, na shamba lake lilikuwa limezungushiwa seng'enge. Rwamba alimwomba iondolewe kwa siku chache.

"Nikitoa seng'enge, mbuzi utachunga wewe?" akauliza mama Njoki.

"Nitachunga, cucu," akajibu Rwamba, akimwita nyanya kwa lugha yao.

Na kweli alichunga. Dereva wake na mwenzake wa miaka mingi, Bwana Muthomi, anasema wakubwa wa kampuni walipokuja kutoka Nairobi kukagua kazi, walimkuta mtaalamu wao akikimbiza beberu bondeni.

Vipimo vya Gakurungu vilikuwa vya ajabu. Umeme ulikatwa, na ardhi ikaendelea kuitikia, ikaendelea, ikafifia polepole kuliko mahali popote alipowahi kupima. Alirudia mistari ile ile, majibu yakawa yale yale. Jioni moja alipanda mwinuko penye mtandao akampigia mkewe. "Vero, nadhani nimepata." Watu wa pale walianza kuongea habari za kazi, za barabara, za sekondari ya karibu. Rwamba hakuwakataza kuota. Yeye mwenyewe alikuwa anaota.

Mwaka uliofuata Veronicah alianza kuumwa tumbo. Alimwambia mumewe kwamba ni vidonda vya tumbo, maana alijua mtambo wa kutoboa ulikuwa karibu kuletwa, na Rwamba ndiye aliyetakiwa kuonyesha mahali pa kutoboa. Jumatatu tarehe 15 Oktoba 2012 alilazwa hospitalini mjini Embu. Rwamba aliambiwa kwa simu. Akasema atamaliza mistari iliyobaki na kuja Jumamosi. "Maliza kazi kwanza," Veronicah alimjibu. "Mimi niko na Wambeti." Wambeti alikuwa kidato cha pili, na alikuwa ameomba ruhusa shuleni ili akae na mama yake.

Alhamisi mchana Rwamba alikuwa katikati ya mstari, simu yake imezimwa kama kazi ilivyotaka. Muthomi alikuwa kwenye gari, mbali barabarani. Simu iliyolia ni yake. Aliacha gari akaja kwa miguu, na alipofika karibu akavua kofia.

"Mzee, zima mashine."

"Subiri. Bado vituo viwili."

"Zima, mzee."

Rwamba alimtazama, akaitazama ile kofia. "Ni Vero?"

Muthomi aliitikia kwa kichwa. Rwamba aliinama, akaiweka koili chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Hata mkoba wake aliuacha pale.

Siku ya mazishi, hapa hapa, watu walipokwisha kutawanyika, Wambeti alimwendea baba yake aliyekuwa amesimama peke yake penye udongo mbichi. Akamwuliza swali moja: "Baba, ulikuwa unatafuta nini huko?" Rwamba aliutazama ule udongo. Mtoto aligeuka akaondoka na mama zake wadogo kwenda Kanyakine. Alimaliza masomo akiwa huko, akasomea uuguzi, akapata kazi Eldoret. Kwa miaka kumi na mmoja baba na binti waliandikiana heri ya Krismasi na si zaidi.

Kilima kilitobolewa Januari 2013. Mwamba ulitoka vipande vya mviringo, kijivu, kijivu, kisha ukatoka mweusi. Rwamba alichukua kipande, akakichora kwenye karatasi, kikaacha alama laini kama ya penseli. Alijua papo hapo. Ilikuwa grafaiti, nayo hupitisha umeme kama salfaidi na imewahadaa wapimaji wengi duniani. Kulikuwa na punje za salfaidi ya chuma hapa na pale, shaba ya kuchimba haikuwepo. Kampuni ilifunga kambi wiki hiyo hiyo. Magari yaliondoka bila kuwaaga watu.

Rwamba alibaki. Alizunguka boma kwa boma akiwaeleza mwenyewe, na kila mahali aliketi hadi mwenye boma amalize maswali. Wengine walimkaribisha, mmoja alimfukuza. Kwa mama Njoki alifika saa sita mchana.

"Kwa hivyo shaba hakuna?"

"Hakuna, cucu."

"Na ile mashine yako ilisema iko."

"Mashine ilisema kuna kitu. Ni mimi niliyesema ni shaba."

Mama Njoki alitikisa kichwa. "Niliskia ulifiwa. Bibi yako amezikwa wapi?"

"Karurumo."

"Na bado uko hapa ukituambia habari ya mawe. Enda nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani hakuna mtu, cucu."

Mama Njoki aliinuka. Alimvutia kigoda, akampakulia ndengu na chapati, akakaa naye hadi alipomaliza. Rwamba alimwambia Mutugi kwamba hicho ndicho chakula cha kwanza alichosikia ladha yake tangu maziko ya mkewe.

Aliacha kampuni, akafunga nyumba hii ya Karurumo, na Septemba 2014 akaanza kufundisha kwa mkataba katika chuo kikuu kilichoko Nchiru, Meru. Angeweza kupanga nyumba nzuri mjini. Alichagua chumba kimoja cha chini katika hosteli ya wanafunzi, muziki ukipigwa juu ya kichwa chake tangu Ijumaa hadi Jumapili. Mutugi alimtembelea mara chache, chache mno, akamshauri ahame. "Niache hapa," alisema. "Zile kelele zinanifaa." Alipika ugali mdogo, akaosha sahani moja, akakaa mlangoni kuwatazama vijana wakipita. Wanafunzi walimpenda. Kila mwaka aliwapeleka uwanjani, akawatandazia waya, na somo lake la kwanza halikuwa hesabu. Aliwaambia, "Mashine itawaambia kuna kitu. Haitawaambia ni kitu gani. Usimwahidi mtu yeyote chochote kabla hujatoboa." Halafu, kabla hawajaanza, aliwaamuru wote wawapigie simu wazazi wao ndipo wazime.

Aliyegundua ugonjwa wake ni Bi. Gatakaa, mwenye kioski kando ya hosteli. Kila asubuhi Rwamba alinunua mkate na maziwa. Mwezi Juni 2023 mkate ukakoma.

"Mwalimu, siku hizi mkate umekukosea nini?"

"Haupiti."

"Haupiti wapi?"

Akaonyesha koo.

"Na nani anajua?"

"Sasa wewe unajua."

Gatakaa aliweka chini maziwa aliyokuwa anampa. "Mwalimu, leta namba ya mtoto wako." Alikataa. Kesho yake alikataa tena, na Gatakaa akamwambia hauzi maziwa mpaka apate hiyo namba. Siku ya tatu Rwamba aliisoma kutoka kichwani, bila kutazama simu. Gatakaa akapiga hapo hapo. "Mimi hunijui na mimi sikujui," alisema. "Lakini baba yako anaisha, na ni mimi peke yangu naona."

Wambeti alifika Nchiru Jumamosi iliyofuata. Alimkuta baba yake ameketi mlangoni pa chumba. Rwamba alisimama, akashindwa kujua kama atoe mkono au asubiri. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka kama pete.

"Umekula?" Wambeti aliuliza.

"Nimekunywa maziwa."

"Si hilo nimeuliza, Baba."

Aliingia ndani, akaona sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja. Alikaa kitandani akalia. Kisha akafunga mizigo ya baba yake, na kwa kweli haikuwa mizigo.

Madaktari walithibitisha saratani ya koo mwezi Julai 2023. Alipata matibabu ya mionzi Nairobi, na baadaye akawekewa mrija wa kupitishia chakula tumboni. Wambeti aliomba uhamisho, akapata kazi Embu, akaifungua nyumba hii, akaondoa utando wa buibui, akamleta baba yake nyumbani. Mwanzoni walikuwa wapole kama wageni wawili waliokutana hotelini. Waliongea habari za dawa, mvua na bei ya kahawa. Siku moja ya Machi 2024, wakiwa wameketi barazani, Rwamba alisema kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kama mnong'ono, "Niambie siku ya mwisho ya mama yako. Sijawahi kumwuliza mtu."

Wambeti alimweleza yote, alasiri nzima. Alimweleza jinsi mama alivyotaka dirisha lifunguliwe, jinsi alivyoomba uji kisha asinywe, jinsi alivyosahihisha Kiswahili cha muuguzi. Alimweleza kwamba mama aliuliza kama ni Jumamosi, akaambiwa ni Alhamisi, akasema, "Basi bado yuko mbali."

Rwamba alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akauliza, "Aliumia?"

"Mwanzoni, Baba. Mwishoni hapana."

"Na wewe ulikuwa na nani?"

"Sikuwa na mtu."

Hapo ndipo alipolia. Wambeti anasema hakumwomba baba yake maelezo tena, na baba yake hakujitetea. Alimshika mkono, na waliketi hivyo hadi ng'ombe wa jirani waliporudi kutoka malishoni. Tangu siku hiyo, Wambeti akitoka kazini, alimkuta baba yake amesogeza kiti cha pili barazani.

Jumanne tarehe 4 Februari 2025 Rwamba aliamka akiwa mnyonge sana. Aliona binti yake hajavaa sare. "Nenda kazini," alimwambia, "utachelewa."

"Leo sichelewi popote."

Aliguna kidogo, kama mtu aliyeridhika na jibu la mwanafunzi, akafumba macho. Gatwiri aliitwa, akafika mapema vya kutosha kumshika mguu na kumwita kwa jina la utotoni. Kabla ya saa nne asubuhi Bwana alimwita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, Mzee Njura na Mama Wambeti, na mkewe mpendwa Veronicah Ntinyari, ambaye marehemu atalazwa kando yake. Ameacha binti yake Wambeti, dada yake Gatwiri, mpwa wake Mutugi, na wakwe zake wote wa Kanyakine. Familia inawatambua pia Bwana Muthomi, ambaye leo amebeba jeneza kama ndugu, Bi. Gatakaa wa Nchiru aliyefunga kioski ili awe nasi, na Mama Njoki, ambaye kwa umri wake amesafiri tangu alfajiri kutoka Mbeere na yuko hapo mbele. Aliposikia kwamba Rwamba amefariki, alisema tu kwamba wapimaji wengi wamepita kwake, na ni mmoja aliyerudi kumwambia ukweli.

Na kwetu sisi tuliobaki: tutembeleane tungali tunaweza kufunguliana mlango.

Mungu amlaze pema mtumishi wake Rwamba, na huko aliko asikose wa kumsalimu kwa karibu.